Masizi Kwenye Kioo cha Picha

Mikinduri, 2 Juni 2024

Kaari mwanangu,

Hujambo huko Embu? Mimi mzima, goti tu linanisumbua na baridi hii.

Ndani ya majani haya ya mgomba kuna kioo, nimekifunga vile tunafunga miraa. Ni cha picha ya baba yako, ile iliyotundikwa ndani ya nyumba yake. Tangu tumzike Februari moto wake haujawashwa. Kwetu wa kuuwasha ni mtoto wa kwanza, na wa kwanza ni wewe, ambaye hata mazishini hukuja. Nyumba nimefunga, ufunguo ninao mimi. Lakini nikipangusa kioo Jumapili hii, Jumapili ijayo kina masizi. Si wewe ndiye wa kupima vitu vidogo? Nipimie. Upande wa juu wa kioo nimeutia alama.

Mama yako

Embu, 9 Juni

Mama,

Pole na goti. Mazishini ningekuja, lakini baba alisema nisikanyage kwake tena. Ulikuwepo akilisema.

Chini ya hadubini, masizi yameota nguzo nyembamba, zimesongamana. Hata utando wa alumini tunaopaka hapa maabara hufanya hivyo. Punje ikitua kwenye kioo baridi haina nguvu ya kusogea, inaganda pale pale. Iliyotangulia kuinuka inazikinga za nyuma, inazidi kurefuka, na mianya inabaki katikati. Nguzo huinamia upande moshi unakotoka. Hizi zinainamia chini kushoto. Kuna nini hapo?

Mwanao Kaari

Mikinduri, 16 Juni

Mwanangu,

Huku tunashukuru Mungu. Hapo kuna mafiga yake. Nimetia mkono kwenye jivu, ni baridi kabisa. Pokea kioo cha wiki hii, nilichoweka badala ya kile cha kwanza.

Mama yako

Embu, 23 Juni

Mama,

U mzima kweli? Nimetazama mara tatu. Sasa zinainamia kulia, kwenye mlango. Mafiga hayatembei, Mama. Naogopa. Nenda ukae kwa shangazi Ruguru, tafadhali.

Mwanao

Embu, 7 Julai

Mama,

Hujambo? Simu hupokei. Kioo cha tatu kimefika bila barua. Safari hii nguzo hazikuinama popote, zimesimama wima. Moshi ulitoka mbele kabisa, uso kwa uso na picha. Lennox wa hapa kazini anasema labda ni kibatari. Uliwasha kibatari mbele ya baba? Niambie ndiyo.

Mwanao

Mikinduri, 9 Julai

Kaari,

Mimi mzima, na kwa Ruguru siendi. Kibatari sina, tuna stima.

Kile kioo si cha picha ya baba yako. Chake wiki hiyo kilikuwa safi. Ni cha picha yako ya kuhitimu, ile aliyoigeuza ikatazama ukuta siku mliyokosana. Mimi sikuwahi kuigusa. Nimeikuta imegeuzwa, inatazama chumba.

Njoo uwashe moto. Kuni nimepanga, kiberiti kiko juu ya figa. Mlango sifungi tena. Amekungoja vya kutosha, na mimi pia.

Mama yako