Basi Halikuwa Limeharibika

Internati, Kiriri
12 Oktoba 2024

Assalaam alaikum Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la Mama limepungua maumivu. Mimi mzima hapa bwenini, ila nina aibu.

Jumanne, ulipokuwa unatengeneza basi la shule, Mélissa wa darasani kwetu aliniuliza kwa nini yule fundi ananiangalia sana. Mélissa kwao ni Kinindo kwa matajiri, na dereva wanaye. Nikamjibu, "Ule ni fundi tu. Mi simujue." Ulikuwa karibu, ukasikia. Ukavua kofia ukasema, "Bonjour, mademoiselle," kama unamsalimu binti wa watu, ukarudi chini ya basi.

Nilikukana ili nisichekwe mezani. Mchana ule chakula sikukigusa. Nisamehe.

Mtoto wako,
Assia

Buyenzi
3 Novemba 2024

Kwa Assia,

Waalaikum salaam. Mama anakusalimu, goti bado linamsumbua. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Si kweli, barua hii nimeianza mara tatu.

Hukusema uongo, mimi ni fundi. Walipokuchukua shule hiyo kwa pointi zako nilitembea Buyenzi nzima nikiwaambia watu. Sikufikiria kwamba mmoja wetu angebaki nje. Nimewaambia watafute mtu mwingine wa basi lao, nisikusumbue tena. Soma.

Fundi Massoudi

Internati, Kiriri
24 Novemba 2024

Baba yangu mpenzi,

Habari za nyumbani, na za gereji? Nilipoona ulivyosaini nilijifungia chooni nikalia.

Nimemwambia Mélissa ukweli. Hakucheka. Aliuliza tu, "Sasa juu ya nini alikuita mademoiselle?"

Tarehe 7 Desemba ni siku ya wazazi. Nimekuwa wa kwanza darasani, Baba. Wa kwanza huitwa mbele, na mzazi wake husimama naye. Uje, hata na salopeti yako ya kazi.

Mtoto wako,
Assia

Internati, Kiriri
8 Desemba 2024

Baba,

Mko wazima? Jana nilisimama peke yangu. Mkurugenzi wa shule aliangalia viti vya wazazi, akangoja kidogo, akaendelea na jina la pili. Nilistahili.

Mtoto wako, ukipenda,
Assia

Buyenzi
11 Desemba 2024

Mwanangu Assia,

Salaam nyingi na dua. Sisi wazima, Mama sasa anatembea mpaka sokoni.

Nilikuja. Kucha nilizisugua tangu alfajiri, nikavaa shati langu jeupe la Idi. Getini zamu, yule mlinzi, akanitambua, akasema, "Fundi, umerudi? Basi imekufa tena?" Nyuma yangu wazazi walikuwa wanashuka kwenye magari yao, wananukia. Nikasema ndiyo.

Basi lilikuwa zima kabisa. Nilifungua boneti nikainama humo na shati langu jeupe, mpaka nikasikia jina lako kwenye spika. Dereva mmoja akaniuliza, "Ule mutoto wa kwanza ni wa nani?"

Nikajibu, "Mi simujue."

Wewe una miaka kumi na tano, mimi nina hamsini na miwili. Aibu yangu ni kubwa kuliko yako.

Tarehe 20 shule ikifungwa nitakuja kukuchukua. Zamu akiniuliza, jibu ninalo, lakini ulimi wangu siuamini tena. Unisubiri pale getini, mwanangu, uniite wewe kwanza, kwa sauti.

Baba yako,
Massoudi