Sauti Nyuma ya Maghala ya Mpunga

Pointe-aux-Saules, Louisiana
16 Aprili 2011

Mume wangu mdogo Lucien,

Hujambo huko Baton Rouge? Unakula chakula, au siku hizi unatafuna karatasi za ofisi tu? Mimi sijambo. Goti linanung'unika mvua ikikaribia, na kuku wanataga kama wamelipwa.

Nina neno. Redio yangu inaumwa. Tangu Kwaresima ianze, kila Jumamosi asubuhi nikifungua kile kituo kidogo cha akina Placide, nasikia shhhh, kama mtu anamimina mchele kwenye sufuria bila kukoma. Chini yake kaka yangu Placide anatangaza, lakini ni kama anaongea akiwa amefunikwa mto usoni. Unajua babu yako Placide hasikii tena simu. Ukimpigia anasema "Hatununui kitu" na kukata. Na mimi daktari amenikataza kuendesha gari kwenye barabara kuu kwa sababu ya macho. Basi yale maneno machache anayonisemesha redioni, kwa Kifaransa chetu, kabla ya wimbo wa kwanza, ndiyo mazungumzo yetu yote. Nami hupiga simu kituoni kuomba wimbo, na yule msichana wa pale humwandikia ubaoni: Elmire kaomba. Hivyo ndivyo tunavyojuliana hali.

Nimebadilisha redio. Alcide, jirani yangu mkulima wa mpunga, amevuta waya wa antena mpaka juu ya banda. Sasa kuku ndio wanaosikia vizuri. Wewe unafanya kazi redioni, hebu niambie mgonjwa huyu nimpeleke wapi.

Bibi yako,
Elmire


Baton Rouge
27 Aprili 2011

Bibi mpenzi,

Nimefurahi kujua u mzima, na pole kwa goti. Mimi pia ni mzima, ila silali vizuri, na barua yako imenipunguzia usingizi uliobaki.

Redio yako haiumwi. Kelele ile ni yetu. Kituo chetu kimeanza kurusha matangazo ya dijitali pamoja na yale ya zamani, na mwezi Machi tuliongeza nguvu zake. Fikiria mtu mwenye nyumba, halafu ajenge baraza kushoto na kulia. Nyumba imebaki kwenye kiwanja chake, lakini baraza moja imeingia uani kwa jirani. Jirani huyo ni kituo cha Babu Placide, kinachofuatana na chetu kwenye mita za redio. Redio yenye dijitali husikia muziki humo barazani. Redio yako husikia mchele.

Kazi yangu ni kuwajibu wanaolalamika. Jibu ni moja: nyumba yako iko nje ya eneo ambalo sheria inalinda usikivu wa kituo hicho. Nilitafuta nyumba yako kwenye ramani nikiomba mstari wa mpaka upite nyuma ya banda. Unapita mbele, kwenye shamba la Alcide.

Bibi, bado niko kwenye majaribio ya kazi mpaka Septemba. Nakuomba usimwambie mtu kwamba kelele inatoka ofisini kwangu.

Mjukuu wako,
Lucien


Pointe-aux-Saules
4 Juni 2011

Mume wangu mwoga,

Usingizi umerudi? Huku tuko salama. Nina habari njema.

Jumamosi moja nilimpelekea Alcide mayai, redio ya pikapu ikiwa wazi na mchele ukimiminika kama kawaida. Nilipopita nyuma ya yale maghala yake makubwa ya chuma, shhhh ikakatika. Placide akatokea kama mtu aliyefungua mlango. "Elmire haombi wimbo siku hizi," alikuwa anasema. "Labda kanichoka, labda kafa. Kama amekufa, mtu aniambie." Nikafunga breki katikati ya njia.

Alcide anasema mnara wenu uko mashariki na wa akina Placide uko magharibi, kwa hiyo maghala yanawazuia ninyi na kumwacha yeye apite. Nilikuwa nimeacha kuomba, maana wimbo usiosikika ni wa nini? Nilipiga simu kituoni siku ileile.

Sasa kila Jumamosi tuko pale. Jirani yetu Verna alikuja kwanza, naye redio yake inaunguruma hivyohivyo. Halafu Dudley na mkewe. Leo pikapu zilikuwa nyingi kuliko kanisani. Alcide anatoza kiingilio, soseji moja ya wali kwa kila mtu. Dudley akamwambia, "Maghala yako haya hayajawahi kuhifadhi kitu cha maana mpaka mwaka huu." Alcide akajibu, "Na wewe hujawahi kuja shambani kwangu kabla ya saa nne mpaka mwaka huu." Verna alicheza dansi na viatu vya mpira.

Lakini mavuno yanaanza mwishoni mwa Julai. Zile mashine za kukausha mpunga zikiwashwa, nyuma ya maghala hakusikiki hata parapanda ya mwisho. Placide anatimiza miaka themanini na mitatu mwaka huu. Siwezi kumpoteza mpaka mpunga ukauke.

Uliniomba nisiseme, nami sijasema. Nimewaambia tu kwamba mjukuu wangu anafanya kazi kwa yule anayepiga kelele.

Bibi yako,
Elmire


Baton Rouge
20 Juni 2011

Bibi,

Natumaini hujambo. Mimi nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara tano.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa. Nitakuambia jambo lililo wazi kwa umma, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, ila halisomwi. Wasikilizaji sita wanaokaa ndani ya eneo linalolindwa, kila mmoja nyumbani kwake, wakilalamika kupitia kituo kinachoumia, basi sisi tunalazimika kukaa na kituo hicho na kutafuta suluhu. Wewe uko nje ya mstari. Verna, Dudley na wengine wengi wako ndani.

Bibi, nakuomba kwa heshima zote, jina lako lisiwemo. Halitasaidia kitu, na ni jina langu pia.

Mjukuu wako,
Lucien


Baton Rouge
22 Julai 2011

Bibi,

Salamu. Sijui kama mimi ni mzima.

Malalamiko yamefika. Yalikuwa sita, yote kutoka ndani ya mstari, yameandikwa vizuri. Halafu likawepo la saba, kwa mwandiko ninaoujua tangu utotoni: "Mimi niko nje ya eneo, lakini naandika kuwaambia kwamba karani wenu Lucien ni kijana mwaminifu na asilaumiwe kwa lolote."

Bi Haskell, mhandisi mkuu, aliniita. Alikuwa anatafuna barafu kama kawaida yake.

"Fuselier, kuna akina Fuselier wangapi Louisiana?"

"Wengi, mama."

"Na wangapi wanaokusifu kwa barua?"

"Mmoja, mama. Ni bibi yangu."

"Habari ya watu sita aliitoa wapi?"

Bibi, uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umevaa na viatu. Lakini wewe ulikuwa umeniita mwaminifu, na barua ilikuwa mezani kati yetu. Nikasema, "Kwangu."

Alitafuna barafu mpaka ikaisha. "Sheria ni ya wazi," akasema. "Nilidhani ingewachukua mwaka kuiona. Mkurugenzi hatafurahi, nguvu hizi alizililia miaka. Utakwenda na fundi na gari la vipimo. Mtapima nyumbani kwa kila mmoja wao, si nyuma ya ghala ambako kila kitu ni kizuri. Kama kelele ni yetu, nitapunguza. Kama si yetu, mimi na wewe tutazungumza kabla ya Septemba."

Tunakuja Jumatano. Tafadhali usimpe fundi nafasi ya kukuuliza chochote. Mpe chakula tu.

Mjukuu wako,
Lucien


Baton Rouge
11 Agosti 2011

Bibi,

Nadhani goti linaendelea vizuri, maana ulimkimbilia fundi na sahani mpaka kwenye gari. Mpaka leo anasimulia ule mchuzi wako mzito wa gumbo.

Vipimo vilionyesha wazi katika kila nyumba kwamba kelele ni yetu. Bi Haskell ameshusha nguvu za dijitali karibu na pale zilipokuwa kabla ya Machi. Mkurugenzi alinuna siku mbili. Kazi bado ninayo. Bi Haskell ameniambia niwe naandika majibu kwa maneno yangu mwenyewe, na niende kupima mtu anapolalamika, jambo ambalo limenitisha kwa namna mpya.

Nina likizo Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Nitampitia Babu Placide, nimlete kwako kwa gari langu. Sijui kwa nini sikufikiria hili tangu Aprili.

Mjukuu wako,
Lucien


Pointe-aux-Saules
27 Agosti 2011

Lucien, mume wangu,

Hujambo? Sisi tu wazima, na mpunga wa Alcide unakauka kwa kelele zake zote. Hainisumbui, kwa sababu nasikiliza jikoni.

Sikutaka kusema mbele yako Jumapili, ulikuwa na furaha sana ya kutuona mezani. Lakini uliona mwenyewe. Nilimpigia kelele mpaka kuku wakatoka uani. Nilimuuliza habari za mguu, akanijibu habari za mvua. Nikamwambia nimemkumbuka, akasema ndiyo, apewe kidogo. Alikula sahani mbili, akanishika mkono mlangoni, akaenda. Nilipoosha vyombo nilikuwa na huzuni. Nilidhani kaka yangu ameshakwisha na aliyebaki ni mlaji.

Leo asubuhi nikafungua redio. Hakuna mchele hata punje. Placide hakuanza na hali ya hewa.

"Jumapili nilikula kwa dada yangu," akasema. "Alikuwa ananieleza mambo mengi na mimi sikusikia hata moja, nikawa naitikia tu, nikaona aibu. Basi nitasema mimi, maana hapa yeye ndiye anayesikia. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Elmire ndiye aliyenivika viatu, na hata yeye alikuwa mtoto. Sijawahi kumshukuru, kwa sababu uso kwa uso mtu hupatwa na kikohozi. Asante, dada."

Kisha akaweka wimbo aliouchagua mwenyewe.

Verna alipiga simu kabla haujaisha, akilia, kuniuliza kama nilikuwa nimefungua redio. Nikamwambia akate, namsikiliza kaka yangu.

Bibi yako,
Elmire