Zamu Yako Nilikushikia

Kwihara,
Tabora.
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa mjukuu wangu na mume wangu Eliya,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujamaliza kuifungua barua hii, na kama hukuniamkia, anza upya. U hali gani huko Kanada? Kile kifua cha baridi kimekuacha? Unapata ugali, au bado unaishi kwa mikate kama mgonjwa? Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika nikiinuka na jino langu la mbele limeanza kucheza, lakini ulimi upo, na kama unavyoona, mkono pia upo. Shule sikuiona. Herufi nilifundishwa na mama yako Agnetha akiwa darasa la pili, akichora kwa kijiti hapa hapa uani, na sikupata mwalimu mwingine. Basi nilipokosea mlaumu yeye, ila kwa upole, maana amelala. Nimeandika siku tatu. Mama yako mdogo Pelagia atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu.

Naandika kukushukuru. Usicheke. Nakushukuru kwa ule mchezo wako wa mpira wa kwenye simu.

Mwezi wa nane uliponiingiza niliona ni upuuzi mtupu. Watu wazima wanane wa ukoo mmoja, kila mtu ana timu ya wachezaji wasiojua kama sisi tumezaliwa, wakifunga huko Uingereza sisi huku tunahesabiwa alama. Pelagia alinieleza mara tatu ndipo nikashika. Kwamba mchezaji akishachukuliwa na mmoja wetu, hakuna mwingine wa kumpata. Kwamba kura hupigwa kwanza, kujua nani aanze kuchagua na nani afuate. Kwamba kila mtu ana dakika moja na nusu, na asipotokea, mashine inamchagulia. Na lililonipendeza kuliko yote: zamu ikifika kwa wa mwisho, hairudi kwa wa kwanza. Inageuka pale pale. Wa mwisho anachagua wawili mfululizo, kisha zamu inarudi ilikotoka. Nikasema, kumbe hii naijua, ni kulima matuta. Mkifika mwisho wa shamba hamtembei bure mpaka mlikoanzia. Mnageukia pale pale, na aliyekuwa nyuma ndiye anaongoza.

Unakumbuka kura ilinipa nafasi ya kwanza. Nilimwuliza Pelagia yule mwenye alama nyekundu ana nini. Akasema kavunjika mguu, hachezi mpaka mwezi wa kumi. Nikasema, basi niandikie huyo. Wajomba zako walicheka siku mbili. Benjamini akatuma sauti kwamba mama ameacha wachezaji wote wazima, ameenda kuokota mgonjwa wodini Kitete. Yeye huyo aliyelala Kitete mwezi mzima, nami nikifika na chupa ya uji kila asubuhi! Nikamkumbusha hayo mbele ya wote.

Lakini siku ile niliona jambo jingine, sikukwambia. Ambrosi kule kwake Puge alimchukua mshambuliaji ambaye Benjamini alimtaka sana. Benjamini hakutukana. Alingoja zamu yake, akachukua wawili wake, mchezo ukaendelea. Nikakaa na simu mkononi nikijiuliza, hawa ni wanangu mimi?

Maana unajua habari zao, ingawa si zote. Tangu babu yako atutoke ni mwaka wa tatu, na shamba lake halijagawanywa. Wote wawili wanalitaka jaruba la mpunga la juu, lile linalopata maji kwanza. Wamefika baraza la kata mara mbili. Kanisani, padri akisema mpeane amani, huyu anageukia nguzo, yule anageukia dirisha. Na shamba limelala, mvua tatu zimenyeshea majani. Nilikuwa naogopa, Eliya, sikufichi. Si kufa, kufa nitakufa. Niliogopa wanangu kubeba jeneza langu, mmoja huku mmoja kule, bila kusemezana.

Basi nikawaita, Jumamosi ya wiki iliyopita. Kabla hawajafika nilikwisha kuzunguka mipaka na Mzee Bundala, mwenyekiti wetu wa kitongoji, tukapigilia vigingi tukapata vipande vinane. Nyumba na uwanja hapana, hivyo ni vyangu mpaka mnizike. Nikawaambia tutachagua kwa zamu, kama kwenye simu, na zamu ni nne: Ambrosi, Benjamini, Pelagia na Agnetha.

Ambrosi akasema Agnetha hayupo. Nikamwambia yupo kwa mtoto wake. Akasema huyo mtoto yuko Kanada. Nikamwambia, "Asiyetokea, mashine humchagulia. Mashine ya Eliya ni mimi."

Tukavuta vijiti. Cha kwanza kikamwangukia Benjamini, cha pili Pelagia, cha tatu wewe, cha mwisho Ambrosi. Benjamini hakuvuta hata pumzi, akasema jaruba la juu. Ambrosi akasimama na kofia yake mkononi. Mzee Bundala akamwambia taratibu kwamba anayeondoka sasa anaacha zamu mbili, siyo moja. Akabaki amesimama vile vile, lakini hakuondoka.

Pelagia akachukua shamba la karanga. Ikafika yako. Walidhani nitakuchukulia kiwanja cha barabarani, Pelagia akanifinya kabisa. Nikachukua kile kipande chenye mlimao, walipolala babu yako na mama yako. Benjamini akasema nimeokota mgonjwa tena. Nikamwacha aseme.

Ikageuka. Ambrosi akachukua jaruba la chini, na papo hapo kiwanja cha barabarani. Viwili mkononi kwa pigo moja. Hapo ndipo akakaa. Nikakuchukulia mizinga ya babu yako, na nyuki wamo. Pelagia akachukua kisima. Kikabaki kichuguu, na Benjamini ndiye aliyebaki. Akakitazama kama mtu aliyepewa kwato kwenye mgawo wa nyama.

Mimi nilikuwa nimeshika rozari chini ya kanga, nasema, Bwana, kama ni kuharibika kutaharibika sasa. Ndipo Ambrosi akasema, anatazama kofia yake, hamtazami ndugu yake:

"Huo ni udongo wa tofali, Benja. Nitaleta kalibu yangu tufyatue wote."

Miaka mitatu, Eliya, na hilo ndilo neno la kwanza. Benjamini akajibu kwamba basi maji ya jaruba la juu atayafungulia la chini kwa zamu, siku moja huku siku moja kule. Pelagia akaleta matobolwa ya viazi vitamu na karanga, wakala ungo mmoja. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Ambrosi hajarudi Puge mpaka leo, wanasafisha majaruba kabla ya mvua. Leo kanisani wamepeana amani, tena Benjamini alimbana mkono mwenzake mpaka akakunja uso. Kwa hayo nakushukuru, mjukuu wangu. Wewe ulidhani unatuchezesha mpira. Mungu akulipe nisipoweza mimi.

Sasa nikuambie la mwisho, na usikasirike. Mama yako alipofariki hukuja. Makaratasi yalikukwamisha, najua, nami sikulaumu. Lakini tangu hapo unaona haya hata kuuliza kaburi lake liko upande gani. Liko upande wa mlimao, na sasa udongo ule ni wako. Pembeni panatosha nyumba ya vyumba vitatu, na tofali wajomba zako wanafyatua.

Jana yule mchezaji wangu wa mguu amerudi uwanjani. Aliingia dakika za mwisho, akafunga. Mimi nimezoea kumchagua asiyekuwepo, nikamngoja. Na huyo alikuwa amevunjika. Wewe miguu yako yote miwili ni mizima.

Wajomba zako wote wawili wanakusalimu kwa salamu moja, jambo ambalo hukuwahi kulisikia. Pelagia anakusalimu, na Mzee Bundala. Mungu wa babu zako akufunike kuliko hilo koti lako nene, akuongoze mpaka mlangoni kwangu.

Ni mimi mkeo mzee, nikupendaye na kukugombeza,

Bibi Ngollo