Tangi Lililoonekana Limejaa

...na bado nampenda, Shangazi Kathure, hata zaidi ya nilivyokuandikia wiki ya harusi yetu, Lopeyok akiingia mlangoni na vumbi lake moyo wangu unaruka, ananibebea maji ya kuoga majirani wakimcheka na wala hajali, naona dunia nzima imehamia kwenye chumba chetu kimoja, lakini naomba unisaidie kwa sababu furaha hii sasa imegeuka mzigo.

Mume wangu ni fundi wa vifaa vinavyopima maji kwenye matangi ya wafugaji. Kifaa hutuma kipimo kwa seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, na mfugaji anakiona kwenye simu kabla ya kuhamisha mifugo. Huko mtandao ni dhaifu, vifaa vilikuwa vikishindwa kuipata seva kwa jina lake, basi Lopeyok akaandika namba ya anwani ya seva moja kwa moja ndani ya kila kifaa. Kampuni ikatangaza kwamba namba hiyo itabadilika. Tulikuwa katikati ya harusi, akasema atashughulikia baadaye. Namba ikabadilika, vifaa vikaendelea kutuma mahali pasipo na mpokeaji, na simu zikabaki zikionyesha kipimo cha mwisho: tangi limejaa.

Baba yake mdogo, Lodio, ndiye aliyekuwa akipeleka ng'ombe wa mahari yangu kwa baba, upande wa Kinna. Aliangalia simu, akafuata njia ya tangi hilo, akalikuta kavu. Ng'ombe walianguka mmoja mmoja. Yeye aliokotwa na watu wa lori, na sasa amelazwa, figo zimeharibika. Tulipoenda kumwona alimshika Lopeyok mkono akasema, "Nisamehe, kijana wangu. Macho yangu yamezeeka, sikusoma simu vizuri."

Mume wangu akanyamaza. Shangazi, akanyamaza!

Nyumbani akaniambia, "Akai, mpenzi, ukisema nitafutwa kazi, na baba yako atakuja kukuchukua." Vifaa vingine hajavigusa, anaogopa kuulizwa. Na jirani yetu Denge anahama na mifugo yake wiki hii. Jana alinionyesha simu: "Bibi arusi, siku hizi hatutembei bure, bwanako anatutazamia maji!" Nikacheka naye. Je, mke anayependa hapaswi kutunza siri ya mumewe?

Akai, Kiwanjani, Isiolo

*

Akai, pole, tena pole sana. Lakini ulichekaje na Denge? Jibu hili nakutumia kwa simu leo. Gazetini litatoka baada ya mumeo kusema mwenyewe. Mpigie Denge kabla hujasoma aya inayofuata. Mwambie atume mtu wa bodaboda akachungulie ndani ya tangi.

Umempigia? Sasa sikiliza. Hiyo unayoitunza si siri ya chumbani, ni kiu ya watu wengine. Lopeyok aifunge leo ile huduma ya vipimo, simu zionyeshe kwamba hakuna kipimo. Halafu azunguke kila kifaa, afute namba, aweke jina la seva, na pale jina linapokataa aitishe antena bora. Kazi huenda ikapotea. Baba yako huenda akaja. Mkabilini pamoja, mkiwa mmeshasema ukweli.

Kabla ya hayo yote, aende hospitalini amwambie Lodio kwamba macho yake ni mazima.

Nitakuwa Isiolo kabla mwezi huu haujaisha. Nitaanzia kwa Lodio, ndipo nije kwenu. Nikimkuta bado analaumu macho yake, chai yako sitainywa.