Sekunde sita za Yalin

Jumapili, saa tatu asubuhi. Mwezi wa tatu, na Guangzhou imeingia kwenye zile wiki ambazo kuta zinatoka jasho. Nimedeki sakafu mara mbili tangu niamke na bado inateleza. Nguo nilizofua Alhamisi ziko pale pale kwenye kamba, mbichi, zinaanza kunuka. Nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai nikaisahau jikoni. Kitabu cha nadharia ya dansi kimefunguka ukurasa ule ule tangu juzi.

Sina raha. Ngoja niandike tu.

Jana nimemkosesha mtoto wa watu nafasi yake, na anayejua ni mimi na yeye.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Tanga, nasoma shahada ya pili ya dansi kwenye chuo kimoja hapa mjini. Kabla ya kuja huku, barafu nilikuwa naijua ndani ya jagi la juisi tu. Mwaka juzi mwanamke mmoja wa makamo, Kocha Fang, alikuja chuoni kwetu kutafuta mtu wa kuwafundisha wanafunzi wake kutumia mikono na mabega. Anafundisha watoto mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ule wa kuruka na kuzunguka kwa muziki, kwenye uwanja ulio chini kabisa ya jengo la maduka. Nilikwenda kwa udadisi, nikabaki. Mpaka leo siwezi kuteleza hata hatua tatu. Nasimama ukingoni na koti na kofia ya sufu, namwelekeza mtu anayepita mbele yangu kwa kasi ya pikipiki.

Yalin ana miaka kumi na tano. Haongei sana. Ukimwambia jambo hatikisi kichwa kama wenzake, anakwenda kulifanya, kisha anarudi kukutazama kama ndivyo ulivyotaka.

Nilipoanza nilidhani watoto hawa wanacheza. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba wanakusanya alama. Kila kitu pale kina thamani iliyoandikwa. Mruko una yake, na mitatu ya mwisho ikipigwa nusu ya pili ya programu, yaani mchezo mzima uliotungwa, inaongezewa sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mwanzoni utaona mikono mizuri na nyuso zenye hisia, halafu ikifika katikati mtoto anaruka, anaruka, anaruka, na miguu imeshachoka. Kuzunguka nako kuna ngazi, kuanzia ya chini hadi ya nne. Ukiitaka ya nne ubadilishe mguu, uvute kisigino juu ya kichwa, ukae kwenye mkao mmoja hadi umezunguka mara nane. Mkao wenyewe ukiwa hautazamiki, potelea mbali, mradi umehesabiwa. Kwa hiyo anayetunga programu hapumziki. Kocha Fang ana maneno yake: sekunde isiyo na kazi umempa mpinzani zawadi.

Mimi nimetokea kwenye ngoma. Nilianza kucheza kikundini nikiwa na miaka tisa, na kitu cha kwanza kufundishwa kilikuwa kutulia. Kuna mahali mchezaji anawaacha wapigaji waende zao, yeye amesimama, mabega tu yanapumua, na watu wanamsogelea bila kujua kwamba wamesogea. Nilipotunga programu ya Yalin nikaweka mahali kama hapo, kabla ya mzunguko wa mwisho. Muziki unashuka, zinabaki nyuzi chache. Yalin anasimama katikati ya barafu sekunde sita. Hafanyi kitu. Anageuza uso taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Mara ya kwanza alipoifanya mazoezini, wazazi waliokuwa wanachezea simu kwenye viti waliinua vichwa.

Kocha Fang alikuja na saa yake mkononi. "Sita ni nyingi," akasema. "Mpe mbili. Hizo nne anazihitaji kwenye mzunguko. Asipozipata, ngazi inashuka."

Nikambishia. Nikamwambia majaji wanatoa alama za utunzi pia, na za namna mtu anavyojieleza.

"Wanatoa. Lakini hizo ni za jumla, na mtoto asiyejulikana hawampi kwa ukarimu. Ngazi inahesabiwa, haina upendeleo."

Nikakata. Kwa mkono wangu nilichukua kalamu nikafuta sita nikaandika mbili. Yalin alikuwa amesimama pembeni anakunywa maji. Alitazama karatasi, akatutazama sisi, akarudi barafuni.

Jana yalikuwa mashindano ya vilabu vya huku kusini. Wasichana watatu wa kwanza wa umri wake wanakwenda kambi ya mazoezi kaskazini majira ya joto, kwenye viwanja vikubwa na makocha ambao hapa tunawaona kwenye televisheni tu. Mama yake Yalin anauza nguo za kike kwenye soko la Shisanhang. Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja, na jana alifunga kibanda aje kumtazama mwanawe.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakati namsaidia kukaza kamba za viatu, Yalin aliniuliza bila kuinua kichwa, "Laoshi, ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, siyo?"

Laoshi ni mwalimu. Wananiita hivyo wote.

Nikamjibu, "Ilikuwa nzuri zaidi. Na ukishaingia barafuni, uko peke yako."

Tangu jana naigeuza sentensi ile kutafuta pa kujificha, na pa kujificha papo. Sikumwambia afanye. Mtu yeyote angeweza kumwambia mtoto maneno yale kumpa moyo. Lakini nilijua nasema nini. Nilitaka kuiona.

Aliruka vizuri yote. Ile mitatu ya mwisho, ambayo mazoezini humwangusha kila siku ya pili, ilitua. Kisha zikaja zile nyuzi, akasimama. Nikahesabu: moja, mbili. Hakuondoka. Tatu. Uwanja ukanyamaza mpaka mashine za kupoza barafu zikasikika. Mzee mmoja aliyekuwa anamenya karanga karibu yangu aliacha. Akageuza uso. Tano. Sita.

Niliandike na hili: zile sekunde sita nilifurahi kuliko siku yoyote tangu nifike China.

Halafu akaingia kwenye mzunguko na mimi nikaona kwamba muziki hautamsubiri. Alibadilisha mguu, akazunguka mara chache, hakuwahi kuvuta kisigino, akalazimika kutoka na noti ya mwisho huku mikono imeinuliwa. Kwa asiyejua, alimaliza vizuri sana. Watu walipiga makofi. Karatasi ya majaji ilipotoka, ngazi ya nne ilikuwa imekuwa ya pili.

Amekuwa wa nne. Aliyemtangulia amempita kwa pungufu ya alama moja.

Kocha Fang aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa ile karatasi, akamuuliza mbele yetu wote, mama yake akiwepo, "Hapa imekuwaje?"

"Nilisahau kuhesabu," Yalin akasema.

"Miezi minane tunahesabu kila siku."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, nimeshika koti la Yalin.

Sikusema kitu.

Mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kazi yangu. Akanipa mfuko wa machungwa. Niliubeba kwenye treni ya chini ya ardhi hadi nyumbani, nimeupakata kama mtoto, na sikuthubutu kula hata moja.

*

Saa tano. Dada Zuhura ameingia jikoni na kunikuta na dekio. Ni Mzanzibari, tunapanga pamoja hapa Xiaobei, ana ofisi ya kusafirisha mizigo jengo la Tianxiu. Jumapili pia anafanya kazi.

"Umedeki tena? Sakafu imekukosea nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anafunga boksi kwa selotepu, hakunikatiza hata mara moja.

"Yule mtoto kasema kasahau?"

"Ndiyo."

"Na wewe upo hapo hapo?"

"Nipo."

Akakata selotepu kwa meno. "Mimi mambo ya barafu siyajui, mdogo wangu. Ila mteja akilalamikia mzigo niliofunga mimi, simwachi dereva ajibu. Hebu inuka uvae."

Nimevaa. Naandika hapa nimesimama, viatu viko miguuni. Mtu akiniona atadhani nangoja gari.

*

Saa kumi na mbili jioni. Nimerudi.

Kocha Fang nilimkuta kwenye chumba chake kidogo nyuma ya uwanja, ananoa makali ya viatu vya watoto. Nikamwambia yote kwa Kichina changu cha kukwaruza. Nilikuwa nimejipangia maneno kwenye treni, lakini nilipoanza yakatoka kinyumenyume, matokeo kwanza, sababu baadaye. Alizima mashine.

"Nilijua," akasema.

Sikuelewa. Nikadhani Kichina kimenipita.

"Aliposimama hakutazama saa, na hakunitazama mimi. Alitazama ulikokuwa wewe. Nilingoja useme jana. Hukusema, nikaondoka."

Nikamwomba radhi. Akapokea kwa kichwa, akaendelea kufuta chuma kwa kitambaa. Kisha akasema kitu ambacho nimetembea nacho mpaka hapa. "Ilikuwa nzuri. Mimi pia nilitazama. Lakini wewe kanuni hujazisoma, unazichukia tu."

Akatoa kitabu chao cha kanuni rafuni, akafungua ukurasa, akanisukumia. Kuna kipande kimoja kwenye programu, kipande cha utunzi, ambacho hakina ngazi. Kina thamani moja tu, ufanye nini usifanye nini, na majaji wanapima kimependeza kiasi gani. Mtu anateleza anavyotaka, kwa muziki anavyousikia.

"Sekunde zako zingekaa humu," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Ningekuachia zote sita. Uko hapa mwaka wa pili, na hukuwahi kuuliza."

Kile kipande nakijua. Nimekipita mara ngapi sijui. Kwenye programu ya Yalin nilikijaza mikono na miguu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nilishajiaminisha kwamba kocha anataka kujaza kila mahali. Nilikuwa nagombania sita zangu mahali penye mlango mwembamba, na mlango mpana uko wazi ubavuni.

"Mimi nilimfokea mbele ya mama yake," Kocha Fang akaongeza. "Hilo ni langu, nitalisema mwenyewe. La kwako kaliseme." Akanionyesha barafu kwa kidevu.

Yalin alikuwa peke yake upande wa mbali. Siku moja baada ya mashindano, wenzake wote wamelala au wako sinema. Nilimwita, akaja hadi kwenye ubao wa ukingoni. Nikamwambia nimemweleza kocha kwamba maneno yalikuwa yangu. Nikamwambia sikupaswa kumtupia mzigo ule dakika kumi kabla hajaingia, na kama nilikitaka kitu kile ningekipigania mezani, mimi na kocha, sio kwa miguu yake.

Nilitegemea alie, au aseme si neno. Watoto wa hapa wana adabu, nilishajiandaa kusamehewa.

"Ningesimama hata usingesema," akanijibu. "Nilishaamua usiku wa kuamkia jana. Hilo ni langu."

Nikashusha pumzi. Akanitazama moja kwa moja, na yeye huwa hatazami watu hivyo.

"Lakini kocha aliponiuliza, laoshi, mimi nilikutazama."

Nilikuwa nimeshika koti lake, na kweli alinitazama, na mimi nilitazama zipu.

Akarudi katikati. Alianza kuzunguka, akahesabu kwa sauti hadi nane, akabadilisha mguu, akahesabu tena. Mara mbili alianguka. Mara ya tatu kisigino kilifika. Hakunitazama, hata mara moja. Nilisimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, kisha nikaona kwamba ninamsubiri anipe kitu, nikaondoka.

Hasira yake ni ya haki. Ajabu, imenituliza kuliko shukrani za mama yake jana. Kidogo tu. Nimedeki tena niliporudi.

Kocha Fang ameniazima kile kitabu. Kimeandikwa Kichina kitupu, nimeshafungua kamusi kwenye simu, ukurasa mmoja umenichukua karibu saa nzima. Jumanne anataka nimpelekee programu mpya kwenye karatasi: kila sekunde inafanya nini, na imetoka wapi. Kambi ya mwaka huu imekwenda na hairudi. Najiuliza kama Yalin atakubali kusimama tena mahali nitakapomwonyesha mimi, na akikataa, kama nitakuwa na haki ya kusikitika.

Hilo ni la Jumanne. Kuna la kwanza. Shisanhang wanafungua mapema na mchana wanafunga, kwa hiyo kesho nitawahi nimpate mama yake kibandani. Nitamngoja amalize na mteja wake. Kichina ninachokihitaji ni maneno machache na nimeyajaribu mbele ya kioo, sauti haitetemeki sana: mwanao hakusahau kuhesabu.