Simu ya Mlango wa Nyuma

Toshkent, 4 Novemba

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Miguu yako inasemaje na baridi ya Margilan? Mimi mzima, ila kuna jambo linanisumbua.

Ile simu ya ndani ya ndege, tunayotumia kuongea mimi huku mbele na mhudumu mwenzangu Mahliyo kule mlango wa nyuma, imekufa. Fundi kaibandika karatasi: "Itatengenezwa baadaye." Karatasi yenyewe imeshageuka njano. Nikilalamika, rubani ananitania, "Dada Zulhumor, midomo mnayo, itaneni!"

Jana tukiwa angani iliita. Nikainua, pumzi tu. Kugeuka, namwona Mahliyo katikati ya ndege anagawa chai, mikono yote ina vikombe. Kule nyuma hakukuwa na mtu, mama.

Binti yako, Zulhumor

Margilan, 12 Novemba

Mwanangu kipenzi,

Nimepokea salamu. Miguu ni ile ile, usiiwaze.

Umesahau alivyotufunza bibi yako? Sauti usiyemwona mwenyewe haiitikiwi "labeka." Ukiitika, umekubali kwenda naye. Ikiita tena, iache iite! Na bora urudi nyumbani. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Mama yako

Toshkent, 20 Novemba

Mama,

Hujambo? Nimemwambia msimamizi siruki mpaka simu itengenezwe. Akanijibu wasichana wanaoitaka sare yangu wamejaa mlangoni. Basi nitaruka. Mahliyo ananicheka, "Jini lako linakupigia kwa gharama ya nani?" Lakini neno lako nimelishika.

Zulhumor

Margilan, 9 Desemba

Mwanangu,

U mzima? Televisheni imeonyesha ndege yenye moshi na jeneza moja. Jina hawakutaja. Niandikie hata neno moja, naogopa.

Mama

Toshkent, 17 Desemba

Mama,

Nipo. Jeneza lilikuwa la Mahliyo.

Moto ulianzia choo cha nyuma. Viti vya huko vilikuwa vitupu, pazia limefungwa, mbele hatukujua kitu mpaka harufu ilipotufikia. Tulitua, abiria wote wakatoka salama. Yeye alikutwa sakafuni, simu mkononi.

Wachunguzi wameifungua ile simu. Haina waya, fundi aliung'oa siku ile alipobandika karatasi. Wakanipa pole, wakasema nisijilaumu, kwa simu ile Mahliyo asingeweza kunifikia.

Mama, iliita. Iliita mpaka mzee wa kiti cha kwanza akaniuliza, "Binti, mbona hupokei?" Nikaibana mikono mapajani, sikuitika.

Mwanao