Salamu Mia Sita za Bwana Ghassan

Jumatatu, 5 Machi 2012

Fomu ya tovuti yetu imekufa tena! Mtu akibonyeza "Tuma" inamshukuru vizuri sana — halafu ujumbe hauji. Leo nimejiandikia mwenyewe mara tisa. Nimeshukuriwa mara tisa. Boksi la barua tupu.

Bi Mwanapili, mwenyekiti wa kikundi chetu cha sabuni za mwani, kasema mbele ya wanawake wote: hadi Ijumaa kama hakuna mteja aliyepita humo, tovuti ifungwe, nami nirudi kukata sabuni kama wenzangu. Wamecheka. Nimeumia, kwa kweli. Ni mimi niliyewashawishi. Diploma yangu yote ya Unguja imo ndani ya ile fomu.

Jumanne, 6 Machi 2012

Nimepata! Fomu ilikuwa inatuma barua bila akaunti, kama mtu anayebisha hodi asijitaje jina. Kila boksi linazitupa kwenye takataka. Sasa inaingia kwanza kwa akaunti ya kikundi na neno la siri, ndipo inatuma. Nimejaribu. Imefika! Nimepiga kigelegele peke yangu.

Bi Mwanapili kaja kukagua. Kwanza kaniamuru niondoe sehemu ya namba ya simu. Kumwomba mtu simu yake hata hamjajuana, kasema, ni utovu wa adabu. Halafu kauliza, "Ntu katoa salamu humu, nani amjibu?"

Nikamwambia nitajibu nikifungua kompyuta.

"Akae na salamu yake mpaka wewe umalize kula, Asya?"

Basi nimeweka jibu la papo hapo. Kila barua inayoingia inajibiwa: Assalaam alaykum, tumepokea, habari za nyumbani? Karidhika mno.

Jumatano, 7 Machi 2012

Mteja! Bwana Ghassan, mwenye duka Mombasa. Katoni ishirini kila mwezi! Nimemjibu tunaweza. Kesho ataleta oda yenyewe. Tukiithibitisha kabla ya saa kumi alasiri, yetu. Tukichelewa, anachukua kwa kikundi cha Unguja.

Saa nane mchana — balaa. Kumbe naye ana jibu la papo hapo! Mashine yetu ikamsalimia. Yake ikasalimu. Yetu ikajibu, ikauliza za nyumbani. Yake ikasalimu tena. Salamu mia mbili! Nikataka kuizima. Bi Mwanapili kanishika mkono: wa kukatisha salamu tusiwe sisi.

Saa kumi na moja: mia sita na kumi na mbili, ndipo akaunti yetu ikagota kikomo cha barua za siku.

Alhamisi, 8 Machi 2012

Asubuhi tumekwenda kwa Shehe Soud, Tibirinzi. Kasikiliza mpaka mwisho bila kucheka — sijui kaweza vipi. Kasema: salamu ya maandishi inajibiwa hata kwa mdomo, na katika kundi mmoja akijibu imewatosha wote. Alhamdulillahi! Tuliporudi tu nimelizima lile jibu la papo hapo.

Nilifurahi mapema. Bi Mwanapili kajitolea kuwa ndiye huyo mmoja. Kakaa na kompyuta — na hiyo ndiyo pekee tuliyonayo, simu yangu ni kitochi, haina intaneti — anafungua barua moja moja kuanzia ya kwanza, anaisoma, anajibu kwa sauti. "Waalaykumu salaam. Nyumbani wazima, mwanangu." Inayofuata.

Saa nane. Ya themanini na moja. Nimemwomba azijibu zote kwa pamoja. Kakataa: za jumla ni za mkutanoni.

"Lakini Bi, zote za mtu mmoja!"

"Basi ni muungwana kweli huyo."

Wenzetu wamekwenda zao kupika. Wao imeshawatosha.

Saa tisa na nusu. Oda imeingia! Naiona hapa nilipokaa, mwisho kabisa wa orodha, herufi nene. Nimemwonyesha kwa kidole. Nimemwambia ni katoni ishirini, kila mwezi, kwa ajili yetu sote.

"Naiona," kasema. "Asubiri zamu yake."

"Zamu gani? Ni yeye yule yule aliye mbele!"

"Waalaykumu salaam. Nyumbani wazima."

Saa kumi kasorobo. Ya mia tatu na nne. Nataka kulia na nataka kucheka. Kumnyang'anya mtu mzima kitu mikononi, mimi sikulelewa hivyo. Mkono wangu wa kulia unaandika haya ili ukae na kazi. Wa kushoto umeshafika kwenye ukingo wa kompyuta — na yeye kauona.